Kati ya Picha Moja na Nyingine

Tangu nimalize matibabu ya mionzi kwa ajili ya saratani ya matiti, titi langu la kushoto halijatulia katika hali moja kwa muda mrefu. Mwanzo lilivimba likawa zito, ngozi yake ikanenepa na kuonyesha vitundu vidogo mithili ya ganda la chungwa, na weusi wake ukakoza kuliko sehemu nyingine yoyote ya kifua. Baadaye uvimbe ule ukanywea, titi likawa dogo kuliko mwenzake, upande wa kovu ukawa mgumu, na chuchu ikaanza kuelekea kwapani. Kuna siku hupita maumivu ya ghafla ndani yake, yakaisha kabla sijajua yalikoanzia, na kuna usiku ambapo mbavu zilizo chini yake huuma nikizilalia. Madaktari wameniambia kwamba takriban yote haya ni athari za matibabu yenyewe, nami nawaamini. Lakini imani ya mchana, mbele ya daktari, huwa haba usiku mtu anapojipapasa gizani na kidole kikakutana na kitu ambacho hana hakika kama jana kilikuwapo.

Nayaandika haya kwa ajili ya wanawake waliokwisha kutibiwa, ambao habari zao haziandikwi sana. Mwezi wa Oktoba ukifika, Mombasa hujaa utepe wa waridi na hotuba za kuwahimiza wanawake wajichunguze mapema, na hilo ni jema, kwa kuwa hakuna saratani inayowapata wanawake wengi nchini Kenya kuliko hii ya matiti. Ulimwenguni, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nayo na watu 670,000 walifariki kwa ajili yake. Lakini hotuba hizo huishia mlangoni mwa hospitali. Aliyekwisha kupasuliwa, akamaliza kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, na mionzi, akaambiwa awe anarudi kliniki kila baada ya miezi kadhaa, huambiwa na watu amshukuru Mungu kwamba amepona, na akisema ana wasiwasi huonekana mkosefu wa shukrani. Mimi nashukuru, na wasiwasi ninao, wala sioni kinachozuia viwili hivyo kukaa katika kifua kimoja.

Matibabu yangu nitayataja kwa ufupi, kwa sababu yanafanana na ya wengi wa Pwani. Nilipasuliwa kwa njia ya kuondoa uvimbe na kuliacha titi, zikatolewa na baadhi ya tezi za kwapani, nikapewa kemo hapa Mombasa, kisha nikaenda Nairobi kwa mionzi, katika wakati ambapo mgonjwa wa huku alikuwa hana budi kupanda basi la usiku au treni ya SGR na kumtafuta jamaa wa kumhifadhi kwa wiki kadhaa. Saratani yangu ilikuwa ya aina inayochochewa na homoni ya estrojeni, kwa hiyo tangu wakati huo nameza tamoksifeni, dawa ya kuizuia homoni hiyo, miligramu 20 kila siku. Namna ya upasuaji ina uzito katika maelezo yatakayofuata: aliyeondolewa titi zima kwa kawaida hapigwi mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, upande huo, hukaguliwa kovu na kifua kwa macho na kwa mkono, na titi lililobaki ndilo hupigwa picha. Sisi tulioachiwa titi hupigwa picha pande zote mbili, na upande uliotibiwa ndio wenye maneno mengi.

Maneno hayo, kwa sehemu kubwa, ni ya mafuta. Titi la mwanamke wa umri wangu kwa wingi wake ni mafuta, na kisu kinapopita ndani yake, kisha mionzi ikafuata, mishipa midogo ya damu inayoyalisha mafuta hayo huharibika na baadhi ya chembe zake hufa. Mwili hushughulika na mafuta yaliyokufa kwa njia zake wenyewe: pengine huyageuza yakawa kifuko cha majimaji mazito, pengine huyazungushia tishu ngumu za kovu, na baada ya miezi au hata miaka chokaa, yaani chembe za kalsiamu, hujikusanya kwenye kuta zake. Ukikigusa kitu hicho utakuta uvimbe mgumu, usio na umbo la kueleweka, uliogandamana na ngozi au na kovu, yaani kila sifa ambayo tulifundishwa kuiogopa. Hata kwenye picha huweza kufanana na saratani kiasi cha kumfanya mtaalamu asite. Lakini hakina saratani ndani yake, hakigeuki kuwa saratani, na mara nyingi hakihitaji kutolewa. Taabu yake ni kwamba mwenye titi hawezi kukipambanua kwa vidole vyake, na daktari naye mara nyingine hawezi mpaka apate picha au kipande cha nyama kilichochunguzwa maabarani.

Shangazi yangu aliposikia kwamba picha imeonyesha chokaa ndani ya titi, alinipiga marufuku ya maziwa na vidonge vya kalsiamu. Nilimwambia, "Shangazi, daktari amesema chakula hakihusiani na chokaa hiyo," akanyamaza, lakini aliponitembelea tena alikuja na chupa ya chai ya rangi. Chokaa ya kwenye titi hutokana na yaliyotokea ndani ya titi lenyewe, kama vile kovu, mafuta yaliyokufa, mishipa ya damu iliyozeeka, na mara nyingine saratani. Mtaalamu wa picha huangalia umbo na mpangilio wake: chembe kubwa, za duara, zenye kingo safi, humtuliza, lakini chembe ndogo sana, zisizolingana, zilizosongamana mahali pamoja au kufuata mstari wa mfereji wa maziwa, humtia shaka.

Kanuni iliyonifaa kuliko zote nilipewa na daktari wa mionzi, naye aliisema huku akiandika, bila kuinua kichwa. Aliniambia niangalie mwelekeo. Uvimbe wa titi zima na unene wa ngozi huwa vikali zaidi katika miezi ya mwanzo, takriban nusu mwaka baada ya mionzi, kisha hupungua kwa kipindi cha miaka miwili au mitatu na kutulia. Badiliko linalokwenda likipungua, au lililosimama pale pale, linafuata njia inayotarajiwa. Lililokwisha kutulia likaanza upya, wekundu uliokwisha kuondoka ukarudi, ngozi iliyokwisha kulainika ikanenepa tena, au uvimbe unaozidi kukua, hilo halingojei tarehe ya kliniki. Kanuni hii haihukumu kila kitu, kwa maana tishu zilizopigwa mionzi huweza kuendelea kujikaza polepole kwa miaka, na titi likazidi kuwa dogo na gumu bila ya ubaya wowote. Lakini imenipa kitu cha kupima mbali na hofu yangu.

Kwa kuwa hedhi yangu ilishakatika, nimejiwekea siku moja katika mwezi ya kujikagua, bafuni, kwa sabuni na kwa tumbo la vidole, kuanzia chini ya mtulinga, mfupa ulio chini ya shingo, hadi chini ya titi na ndani ya kwapa, pande zote mbili. Nina daftari dogo nililochora matiti mawili kwa mkono mbaya kabisa wa mwalimu wa hisabati, na ndani yake natia alama mahali penye ugumu na ukubwa wake kwa kukadiria. Daftari hili limenisaidia zaidi ya kumbukumbu, kwa sababu mtu mwenye hofu hukumbuka anachokiogopa. Kujipapasa kila usiku hakuongezi elimu: kitu kinachobadilika kwa wiki kadhaa hakionekani kwa siku moja, na titi linalobinywa kila usiku huuma kwa kubinywa huko.

Mamogramu ya kwanza upande uliotibiwa hupigwa miezi 6 hadi 12 baada ya mionzi kumalizika, kisha huwa mara moja kwa mwaka. Titi huwekwa kati ya vibao viwili likabanwa, mara ya kwanza kutoka juu na mara ya pili kutoka ubavuni, na titi lenye kovu huuma zaidi kuliko lile jingine, ingawa ni kwa sekunde chache. Siku hiyo mtu hatakiwi kujipaka poda wala dawa ya kuzuia jasho kwapani, kwa sababu madini yaliyomo huweza kutokea kwenye picha yakafanana na chokaa. Kwa mwanamke wa Mombasa aliyezoea kutoka nyumbani akinukia, hii ni adhabu ndogo, hasa wakati wa joto la kaskazi, lakini ni afadhali kuliko kuitwa tena kwa sababu ya poda. Vilevile, aliyedungwa chanjo mkononi karibuni aseme, kwa maana tezi za kwapani huweza kuvimba kwa majuma kadhaa baada ya chanjo, jambo lililowababaisha wanawake wengi na madaktari wao wakati wa chanjo za Korona. Mimi hudungwa mkono wa kulia daima.

Basi kuna mwaka ambapo ripoti ilitoka Ijumaa mchana. Katika kituo kile, ambacho sitakitaja, bahasha hukabidhiwa mgonjwa mwenyewe na karani wa mapokezi, ilhali daktari aliyekutuma hupatikana wiki inayofuata. Karani aliniambia kwa upole, "Mama, utampelekea daktari wako," kana kwamba yuko binadamu awezaye kuibeba bahasha ile kutoka mjini hadi Kisauni pasi na kuifungua. Niliifungua ndani ya matatu, kabla hatujafika daraja la Nyali. Nilichoelewa katika Kiingereza kile cha kitabibu ni kwamba mahali pa kovu pamepotoka umbo, kwamba pana chokaa ambayo haikuwapo mwaka uliotangulia, na chini kabisa pameandikwa BI-RADS 3 pamoja na agizo la kurudia picha baada ya miezi sita. Mtu asiyeijua ngazi hiyo akiona namba 3 hudhani ni saratani ya hatua ya tatu. Dada yangu, ambaye nilimpigia simu kabla hata sijashuka, alidhani hivyo hivyo akaanza kulia, ikawa mimi ndiye ninayembembeleza yeye.

Ngazi hiyo iliwekwa na chama cha wataalamu wa radiolojia wa Marekani ili madaktari wa picha wote waseme kwa namna moja, wala haina uhusiano na hatua za saratani. Sifuri maana yake ni kwamba picha haijatosha kutoa hukumu, inatakiwa nyingine au ultrasaundi, au zitafutwe picha za zamani za kulinganisha. Nadhani ndiyo namba inayowatisha watu bure kuliko zote, kwa kuwa karani hupiga simu na kusema "urudi" bila kueleza kwa nini. Moja na mbili ni salama, tofauti ikiwa kwamba katika mbili kimeonekana kitu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Tatu ni kitu ambacho kwa uwezekano mkubwa sana si saratani, hatari yake ikiwa haizidi asilimia 2, lakini kinahitaji kutazamwa tena baada ya muda mfupi kuliko mwaka. Nne ndiyo yenye shaka inayohitaji bayopsi, yaani kuchukua kinyama kidogo cha titi kikachunguzwe maabarani, nayo ni pana mno, kuanzia kinachozidi asilimia 2 kidogo tu hadi asilimia 95, kwa hiyo anayepewa namba hiyo ana haki ya kuuliza kama ni 4A, 4B au 4C. Tano ni shaka kubwa kupita asilimia 95, na sita ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa, ambayo wengi wetu tuliipata kabla ya upasuaji bila ya kujua kwamba ina namba.

Nilipomfikia daktari wiki iliyofuata nilimuuliza swali ambalo kila mtu angeliuliza: kwa nini tusichukue kinyama leo tukajua? Alinijibu bila kunidharau. Alisema kwamba sindano ya bayopsi nayo huacha kovu na damu ndani, mambo yanayozidi kuichafua picha ya mwaka unaofuata, na kwamba kwa hatari isiyozidi asilimia 2 ni wanawake wengi mno watakaodungwa kwa ajili ya kumpata mmoja. Akaongeza kwamba iwapo kitu kile kitabadilika katika miezi sita, tutakuwa bado tumekiwahi. Nilimwomba pia ultrasaundi ya eneo lile na la kwapa, akaandika bila ya ubishi. Ningependa wenzangu wajue kwamba maombi ya namna hiyo yanaruhusiwa, na kwamba daktari mzuri hachukizwi na mgonjwa anayeuliza kwa adabu swali lililonyooka. "Nina hofu" ni maneno ambayo daktari mwenye foleni ndefu hana la kuyajibu ila "usijali", lakini swali la "kwa nini tungoje miezi sita badala ya kuchukua kinyama?" lina jibu.

Yaliyofuata yalikuwa ni kungoja, na katika kungoja ndipo kila mtu huwa na dawa. Nililetewa majani ya mstafeli ya kuchemsha, yanayosifiwa katika kila kundi la WhatsApp hapa Pwani kwamba yanamaliza saratani. Sikuyanywa. Hakuna utafiti kwa wagonjwa uliothibitisha sifa hizo, na dawa za miti huweza kupingana na dawa za hospitali, jambo ambalo daktari hawezi kulizuia asipoambiwa. Hata baadhi ya vidonge vya kawaida vya kuondoa huzuni, kama vile paroksetini, huzuia tamoksifeni isifanye kazi yake sawasawa. Mama mkwe wangu aliniletea kombe, maji ya aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani, nikalinywa kwa heshima na kwa imani, na saa ile ile ya kila siku nikameza kidonge changu. Wapo walionishauri nisimwambie mtu habari ya picha ile kwa kuogopa mahasidi, na wapo waliotaka nimwambie kila mtu aniombee. Nilichagua watu wachache, na niliomba wasiniulize kila siku ninaendeleaje, kwa kuwa kila ulizo lilinirudisha ndani ya bahasha.

Binamu yangu aliye Dubai alijitolea kunilipia niende India nipigwe picha ya mwili mzima, ili, kwa maneno yake, tujue moja. Ni wengi wanaofikiri hivyo, na pesa nyingi za watu wa Pwani zimekwenda kwa njia hiyo. Nilimpelekea daktari wangu hoja hiyo, naye akanieleza kwamba jambo hilo lilikwisha kupimwa. Tafiti mbili za Italia zilizochapishwa mwaka 1994 ziliwagawa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti katika mafungu mawili: baadhi wakafuatiliwa kwa ukaguzi wa daktari na mamogramu, wengine wakaongezewa picha za mifupa, za kifua na vipimo vinginevyo kwa ratiba hata kama hawakuwa na dalili yoyote. Wale waliopigwa picha nyingi hawakuishi zaidi kuliko wenzao. Hata leo miongozo mikubwa haipendekezi picha za mashine kubwa za PET na CT zinazotazama ndani ya mwili, za mifupa wala vipimo vya damu vya kutafuta alama za saratani kwa mtu asiye na dalili. Mtu akiwa na dalili, hiyo ni habari nyingine, na hapo picha hupigwa mara moja. Nilimshukuru binamu, nikakataa tiketi. Nakiri kwamba ukataaji huo una uchungu wake, kwa kuwa picha kubwa huonekana kama ulinzi mkubwa. Lakini nimeona namna picha moja ndogo ilivyoweza kuzua maswali yasiyo na mwisho, na sikuwa tayari kuyazidisha kwa mwili mzima.

Dalili zenyewe ni lazima zijulikane, kwa sababu kliniki humwona mtu mara chache, na siku nyingine zote mlinzi ni yeye mwenyewe. Uvimbe mpya katika titi lolote, kwenye kovu, kwapani au juu ya mtulinga. Vinundu vidogo au upele kwenye ngozi ya kovu usiopona. Chuchu inayotoa damu au inayoingia ndani ghafla. Maumivu ya mfupa yasiyoisha, hasa yanayozidi usiku na hayapungui kwa kupumzika. Kikohozi au pumzi fupi isiyo na mafua. Manjano ya macho, tumbo kujaa, kukonda bila sababu. Maumivu ya kichwa ya namna mpya yanayokuja pamoja na kutapika au kuona vibaya. Mengi ya haya yana sababu nyingine nyepesi, na sisi wa miaka ya hamsini hatukosi mgongo unaouma. Kwa hiyo nimekubaliana na daktari kwamba jambo jipya likidumu zaidi ya wiki mbili pasi na kupungua nampigia simu, na uvimbe mpya au wekundu nampigia siku ile ile. Mpaka huo umeninusuru na mengi. Kabla ya wiki mbili, mgongo wangu ni mgongo tu.

Mkono nao una sura yake. Tezi zilizotolewa kwapani ndizo zilizokuwa zikipitisha majimaji ya mkono, na zikipungua majimaji hayo huweza kujaa, hata baada ya miaka mingi, mkono ukawa mzito na pete ikakwama. Joto huzidisha hali hiyo, na kaskazi ya Mombasa haimhurumii mtu, hasa aliyevaa soksi ya kubana mkono chini ya buibui. Mara nyingi mkono kuvimba si dalili ya saratani kurudi, lakini uvimbe wa ghafla lazima uangaliwe, ama kwa sababu ya tezi zilizoziba, ama kwa sababu ya maambukizi, ambayo huja na wekundu, joto na homa, na huhitaji dawa upesi. Kukuna nazi kwa mbuzi nimewaachia mabinti zangu. Kuhusu vipindi vya joto vinavyoletwa na tamoksifeni, vinavyomwamsha mtu usiku ameloa, wakati wa kaskazi sijui kipi ni cha kidonge na kipi ni cha bahari, na nimeacha kutafuta. Ila damu kutoka ukeni kwa aliyekwisha kukatika hedhi si ya kungojea, kwa sababu dawa hii huweza kunenepesha ukuta wa kizazi na kwa wachache kuleta saratani ya kizazi.

Gharama nazo zina sehemu yake katika hofu hii. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kila safari ya picha huanza kwa kuuliza kama imo katika malipo au la, na jibu la dirisha moja huweza kutofautiana na la dirisha jingine katika jengo hilo hilo. Sina busara ya kuongeza hapo zaidi ya kuuliza kabla ya siku yenyewe, na kubeba kitambulisho. Jambo ninaloweza kulisisitiza ni kutunza picha zenyewe pamoja na ripoti. Mtaalamu anayeiona titi iliyotibiwa kwa mara ya kwanza, bila ya picha za nyuma, huona kovu, chokaa na upotofu, na ni haki yake kuwa na shaka. Aliye na picha za miaka mitatu mbele yake huona kitu kilichosimama pale pale. Ombeni nakala kwenye diski, muihifadhi pakavu, na kama inawezekana mpigwe katika kituo kimoja kila mwaka. Waliotibiwa Makadara, kama tunavyoiita Hospitali Kuu ya Pwani, na waliotibiwa Hospitali ya Kenyatta ya Nairobi, wote watunze pia muhtasari wa upasuaji na jibu la patholojia, yaani la maabara iliyoichunguza nyama iliyotolewa, kwa maana daktari mpya huanza kwa kuuliza hayo.

Jingine nililolibadilisha ni mpangilio. Siku hizi huweka kwanza miadi ya daktari, kisha ndipo ninapopanga picha siku mbili kabla yake, katikati ya wiki, na kuomba ripoti ipelekwe kwake moja kwa moja. Wiki hiyo hofu hupanda vilevile, usingizi hupungua na chakula hakina ladha, lakini hupanda na kushuka ndani ya wiki moja badala ya kukaa nami mwisho wa juma mzima pamoja na karatasi nisiyoimudu.

Picha ya miezi sita ilionyesha chokaa ile ile, safari hii imezidi kuwa nene na kujipanga duara kuzunguka kifuko cha mafuta, jambo ambalo mtaalamu alilitambua mara moja. Namba ikashuka hadi 2 nikarudishwa kwenye ratiba ya mwaka. Dada yangu alilia tena. Mimi nilimuuliza daktari namba ile itadumu kwa muda gani, akaniambia kwa uaminifu kwamba inaisemea picha ile tu. Saratani za aina yangu, zinazofuata homoni, zina tabia ya kuweza kurudi hata miaka kumi au ishirini baadaye, tofauti na aina nyingine ambazo hatari yake kubwa huwa katika miaka michache ya mwanzo. Sikulifurahia jibu hilo, lakini niliona ni bora kuliko kuambiwa nimepona na nisahau.

Ndiyo maana suala lililo mbele yangu sasa ni la tamoksifeni, kama niishie miaka mitano au niendelee hadi kumi. Utafiti wa kimataifa uitwao ATLAS, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2013, ulionyesha kwamba kuendelea hadi miaka kumi hupunguza zaidi uwezekano wa saratani kurudi na wa kufa kwa ajili yake, ingawa huongeza hatari ya saratani ya kizazi. Daktari ametaja pia uwezekano wa kubadilisha niingie kwenye letrozoli, kwa kuwa hedhi imekwisha, dawa ambayo kizazi haikidhuru lakini hudhoofisha mifupa na kuumiza viungo. Moyo wangu unaelekea kuendelea. Miadi ya kulijadili ni baada ya Idi, na kufikia siku hiyo mamogramu ya mwaka huu itakuwa imekwisha kupigwa na ripoti yake iko kwa daktari.